Maji ya Kazi na Maji ya Mto: Namna ya Kutunza Mazingira ya Machimbo Madogo ya Dhahabu

Machimbo mengi madogo ya dhahabu magharibi mwa Kenya yamekaa karibu na maji. Kakamega na Vihiga kuna Isiukhu na Yala. Siaya ni Yala hiyo hiyo, inayoendelea mpaka kinamasini. Migori kuna mto Migori na Kuja. Mawe yakishasagwa lazima yaoshwe, na hakuna anayependa kubeba magunia ya mchanga mbali wakati mto uko pale chini. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na taka wala upandaji miti, ingawa tutafika huko. Unaanza na maji, kwa sababu karibu kila kitu kibaya kinachotoka kwenye mgodi mdogo, iwe tope, zebaki, aseniki au mafuta ya injini, husafiri na maji. Ukiyazuia maji ya kazi yasikutane na maji ya mto, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza. Ukishindwa hapo, hayo mengine hayatasaidia sana.

Na walio chini ya mto si watu wa kufikirika. Ni akina mama wanaochota kwa mitungi asubuhi, ni ng'ombe wanaonyweshwa saa nane, na ni samaki. Yala huishia kwenye kinamasi chake, na pale pembeni kuna Ziwa Kanyaboli, mojawapo ya mahali pachache ambapo ngege wa asili bado wamebaki.

Kabla ya jembe la kwanza

Tembea ukingoni utafute alama za mafuriko: nyasi kavu na mifuko iliyonasa kwenye matawi, mstari wa matope kwenye mashina ya miti. Waulize wazee wanaolima hapo maji yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa kuliko yote wanayoikumbuka. Kutoka alama hiyo pima mita 30 kwa tepu, ukite vigingi, uvipake chokaa vionekane. Kanuni za ukingo wa mto nchini hutaja upana wa kati ya mita 6 na mita 30 kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko. Chukua 30. Udongo wa ukingoni uliletwa na mto wenyewe, haujashikana, na shimo lililochimbwa mita 6 kutoka majini huanza kuvuja ubavuni kabla hujafika mwamba. Kati ya vigingi hivyo na mto pasichimbwe, pasioshwe, pasiwekwe mapipa ya dizeli wala choo.

Karatasi zishughulikiwe mapema. Sheria ya Madini ya 2016 inampa mchimbaji mdogo kibali cha miaka 3, na kila kaunti ina kamati yake ya uchimbaji mdogo. Kuvuta maji mtoni kwa pampu kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mambo ya mazingira yako chini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kikundi kilichosajiliwa hupata haya kwa urahisi kuliko mtu mmoja mmoja.

Kisha pima hali ya mto kabla hamjaugusa. Bila kipimo cha mwanzo, siku mtakapolaumiwa kwa uchafu wa mashamba ya juu hamtakuwa na la kujibu, na siku uchafu utakapokuwa wenu kweli mtajidanganya kwamba ni wa mashamba. Chagua sehemu tatu: A, mita 50 juu ya machimbo, B, mahali maji yenu yangeingia mtoni kama yangetoroka, C, mita 200 chini. Kila sehemu chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, ya lita 1 na nusu. Simama majini ukitazama unakotoka mkondo, uzamishe chupa mbele yako kwa kina cha kiwiko, usichote matope uliyotimua kwa miguu. Zitikise chupa zote tatu, zisimamishe mezani saa nzima, halafu weka ukurasa wa gazeti nyuma ya kila moja. Andika ni ipi unaweza kusoma maandishi kupitia kwake na ni ipi huwezi, kisha pima kwa rula unene wa tope lililokaa chini. Andika pia tarehe, saa, kama mvua ilinyesha jana, na namba ya karatasi ya pH, inayopima asidi ya maji.

Rudia kila wiki, siku ile ile na saa ile ile. Kinachosomwa ni tofauti kati ya A na C. Kipimo cha C peke yake hakisemi kitu, maana mwezi wa Aprili Isiukhu huja rangi ya chai ya maziwa hata kama hakuna mchimbaji hata mmoja.

Kuhusu zebaki, ile metali ya majimaji inayotumiwa kunasa dhahabu, msidanganywe na kipimo cha maji. Zebaki ni nzito, huzama haraka na kujificha kwenye matope laini. Maji yanaweza kupimwa maabara yakaonekana safi ilhali sakafu ya mto imejaa. Mkilipia kipimo kimoja cha maabara kwa mwaka, kiwe cha matope laini yaliyochukuliwa mahali mkondo unapopoa, A na C.

Mtaro wa juu, wa kwanza kuchimbwa

Vikundi vingi huchimba mabwawa ya kutuliza tope vizuri kabisa, kisha mvua moja huyafurika na kila kitu kuishia mtoni. Sababu ni hesabu ambayo haikufanywa. Mvua ya milimita 50, ambayo Kakamega huweza kunyesha alasiri moja, ikianguka kwenye robo ekari (takriban mita za mraba 1,000) ni lita 50,000. Si yote itatiririka, lakini kwenye udongo uliokanyagwa na kushindiliwa, nyingi itatiririka. Hayo ni maji ya kutosha kuyafurisha mabwawa yenu ambayo tayari yana maji ya kazi.

Kwa hiyo upande wa juu wa machimbo chimba mtaro wa upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 40, uzungushe maji ya mvua pembeni kabla hayajagusa eneo la kazi. Mteremko uwe sentimita 1 kwa kila mita 1. Ukizidisha, maji yatakula mtaro na kuugeuza korongo. Ukipunguza, utajaa mchanga. Aliyewahi kupima matuta ya fanya juu shambani anaijua kazi hii. Fremu ya mbao yenye umbo la A, kamba na jiwe inatosha. Udongo unaotoka uuweke upande wa chini kama tuta, kisha panda nyasi juu yake. Pale mtaro unapomwaga panga mawe ya ukubwa wa kichwa, yasipungue eneo la mita 2 kwa mita 1, ili maji yasichimbe shimo jipya.

Mabwawa matatu

Kwanza pima maji mnayotumia. Weka mtungi wa lita 20 chini ya mwisho wa ubao wa kuoshea, ule wenye mazulia ya kunasa dhahabu, wakati pampu inafanya kazi kama kawaida, uhesabu sekunde. Ukijaa kwa sekunde 7, mnatumia kama lita 10,000 kwa saa, yaani mita 10 za ujazo. Usitumie namba iliyobandikwa kwenye pampu. Hiyo ni ya pampu mpya isiyopandisha maji popote.

Kwa mtiririko huo chimba bwawa la kwanza la mita 4 kwa 2, kina mita 1, na mengine mawili ya mita 8 kwa 2 na nusu, kina mita 1 na sentimita 20. La kwanza hunasa mchanga mzito, la pili tope laini, na la tatu ni la maji ya kurudishwa kwenye ubao. Eneo la uso wa bwawa lina maana kuliko kina chake, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuchimba shimo jembamba refu kama kisima. Chembe ya mchanga wa milimita 0.1 huzama mita 1 kwa dakika 2 hivi. Chembe laini mara tano kuliko hiyo huhitaji kama dakika 45. Udongo wa mfinyanzi wenyewe, chembe ya milimita 0.002, huhitaji siku tatu. Maji yakipita juu taratibu kwenye eneo pana, chembe hupata nafasi ya kushuka. Yakipita kwa kasi kwenye shimo refu, hutoka nazo.

Njia ya kuingilia na ya kutokea ziwe kwenye ncha mbili tofauti za urefu. Zikikaribiana, maji hukata kona na sehemu kubwa ya bwawa inakaa bila kazi; utaliona kwa povu lisilosogea. Maji yakiingia yaangukie kwenye gunia la kokoto ili kasi ivunjike. Ya kutoka yachukuliwe kwa bomba la PVC la inchi 4 lenye kiwiko kinachotazama chini, mdomo ukiwa sentimita 15 chini ya uso, ili mafuta na takataka zinazoelea zibaki. Acha sentimita 40 za ukuta juu ya kiwango cha maji, wala usizihesabu kama sehemu ya bwawa, hata kiangazi.

Jaribu uvujaji kabla ya kazi. Jaza sentimita 30 za maji jioni, chomeka kijiti chenye alama, funika kwa turubai. Asubuhi maji yakiwa yameshuka zaidi ya sentimita 3, ziba. Udongo wa kichuguu ndio dawa ya bei nafuu kuliko zote: uponde, uloweshe mpaka ushikane mkononi bila kuchuruzika, uutandaze sentimita 15 kwa tabaka mbili ukishindilia kila moja. Nailoni ya kawaida ya dukani huchanika siku ya kwanza ya kuzoa tope.

Tope lizolewe lini? Mkisaga magunia 10 ya kilo 50 kwa siku, hiyo ni nusu tani, na karibu yote huishia bwawani. Likishatulia huchukua kama theluthi moja ya mita ya ujazo. Bwawa la kwanza litajaa nusu kwa takriban siku 12 za kazi. Lizoeni hapo hapo, msingoje lijae, kwa sababu bwawa lililojaa nusu limeshapoteza nusu ya muda wa kutuliza. Tope linalozolewa liende mahali pake palipozungushiwa tuta, upande wa juu wa mabwawa, ili maji yanayochuruzika yarudi bwawani. Likirundikwa ukingoni mwa mto, kazi yote iliyotangulia imepotea.

Maji yakikataa kutulia

Kuna malalamiko yanayosikika kila mahali kuhusu kurudisha maji: baada ya siku chache huwa mazito na dhahabu laini haikai kwenye zulia. Malalamiko hayo ni ya kweli. Maji yenye udongo mwingi huibeba chembe ndogo ya dhahabu iliyo bapa na kuivusha. Ndipo watu hufungua bwawa usiku na kuteka maji mapya. Suluhisho ni kuyatuliza kwa shabu, ile ile inayouzwa sokoni kwa ajili ya maji ya kunywa, lakini kwa kipimo.

Yeyusha gramu 10 za shabu kwenye lita 1 ya maji safi. Panga chupa tano zenye lita 1 ya maji ya bwawa kila moja. Kwa sirinji tia mililita 2 kwenye ya kwanza, 4 kwenye ya pili, 6, 8, na 10. Koroga kwa nguvu dakika 1, kisha polepole dakika 5. Weka chini na uangalie. Kwenye chupa iliyopata kipimo sawa utaona maji yakianza kuwa na vipande kama maziwa yaliyoganda, vipande vikinenepa, vikishuka, na juu kukibaki maji unayoweza kuona kidole chako kupitia kwake. Chagua kipimo kidogo kabisa kinachofanya hivyo ndani ya dakika 30. Kikiwa ni mililita 4, hiyo ni gramu 40 kwa mita ya ujazo, na bwawa la mita 20 za ujazo litahitaji gramu 800. Iyeyushe kwenye ndoo kwanza, uimwage polepole pale maji yanapotoka bwawa la kwanza kuingia la pili, maana hapo ndipo panapojikoroga penyewe.

Shabu haifanyi kazi vizuri kwenye maji makali, yaani yenye asidi, pH ikiwa chini ya 5 na nusu. Na shabu yenyewe huyazidishia ukali, hivyo mwenye kuongeza kipimo bila kupima huona maji yakizidi kukataa. Tia chokaa kidogo kwanza, upime kwa karatasi ya pH, kisha shabu. Jumapili ya mapumziko nayo ni dawa: bwawa likilala bila kuguswa, sehemu kubwa ya kazi hujifanya.

Kama kuna siku ambayo maji lazima yatoke, kwa mfano mvua imezidi, yatoe kutoka bwawa la tatu tu, na yapite kwenye ukanda wa nyasi wa mita 20 au zaidi kabla ya kufika mtoni. Kiwango cha Kenya cha maji machafu yanayoruhusiwa kuingia mtoni ni miligramu 30 za chembe kwa lita, na pH kati ya 6.5 na 8.5. Kwa macho, miligramu 30 ni maji ambayo kwenye chupa yako ya lita 1 na nusu unasoma gazeti bila taabu. Yakionekana kama uji mwepesi, hujakaribia hata kidogo.

Pampu isishushwe shimoni

Hili linaonekana kama jambo la usalama tu, lakini linatokana na maji yale yale. Shimo la karibu na mto hujaa maji, na pampu ya petroli iliyo juu hushindwa kuyavuta yakiwa chini sana. Si ubovu wa pampu. Pampu ya kunyonya hutegemea uzito wa hewa kusukuma maji yapande. Kwenye usawa wa bahari kikomo ni kama mita 10 kwa hesabu, na Kakamega, iliyo zaidi ya mita 1,500 juu, ni kama mita 8 na nusu. Ukiondoa msuguano wa bomba na mahali panapovuja hewa, unabaki na mita 6 za kutegemea.

Mtu asiyejua hilo huishusha pampu shimoni ili iwe karibu na maji. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na shimoni haina pa kutokea. Anayeshuka kuzima injini huanguka, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Injini yoyote ya petroli au dizeli isishushwe hata mita 2, hata kwa dakika tano. Tumia pampu ya umeme ya kuzamishwa, jenereta ikibaki juu upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na mdomo wa shimo.

Maji yanayotolewa shimoni yapimwe kwa karatasi ya pH kabla ya kuamua yaende wapi, na yawe na bwawa lake. Yakiingizwa kwenye yale matatu yataongeza mtiririko na kuharibu hesabu yote. Jambo lingine husahaulika: kuvuta maji mfululizo hushusha maji ya chini ya ardhi, na magharibi mwa Kenya familia nyingi hunywa chemchemi. Kila wiki nendeni kwenye chemchemi iliyo karibu na mtungi wa lita 20, mhesabu sekunde za kuujaza. Ikiwa mwezi jana ulijaa kwa sekunde 40 na sasa ni 70, na si kiangazi, punguzeni kuvuta na mzungumze na wenye chemchemi kabla hawajaja kwenu.

Wanaochimba karibu na kazi za zamani waongeze tahadhari. Kakamega imechimbwa tangu mkurupuko wa dhahabu wa miaka ya 1930, na mgodi wa Rosterman ulifanya kazi kuanzia 1935 hadi 1952. Njia za chini za enzi hizo zimejaa maji. Ukuta ukianza kutoa jasho mahali palipokuwa pakavu, tokeni.

Zebaki

Hakuna kiasi cha zebaki kinachofaa kuingia mtoni. Kwenye matope yasiyo na hewa, vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya kimethili, inayopanda kutoka kwa wadudu hadi samaki wadogo, hadi mbuta, hadi sahani ya mtu, na mtoto aliye tumboni ndiye huumia zaidi. Kenya iliridhia Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, mwaka 2023. Mkataba huo unataka mambo manne yakomeshwe: kutia zebaki kwenye mchanga wote uliosagwa, kuchoma donge la dhahabu na zebaki hewani wazi, kuchoma karibu na makazi, na kutia sianidi kwenye mabaki yenye zebaki kabla ya kuiondoa.

La kwanza ndilo linalopoteza zebaki nyingi kuliko yote. Zebaki ikitiwa ndani ya kinu pamoja na mawe husagwa ikawa unga wa matone madogo yasiyoungana tena. Matone hayo huondoka na tope, na kila moja limeshika dhahabu yake. Anayetia zebaki kinuni anamwaga pesa mbili kwa mkupuo mmoja.

Njia bora ni kufika mwisho bila zebaki. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji. Jiwe jeupe la kwazi ni mara 2.65 tu. Tofauti hiyo ni kubwa mno, mchanga ukichekechwa vizuri na maji yakiwa safi. Osha mazulia ndani ya beseni, upepete kwa karai mpaka ubaki na vijiko vichache vya mchanga mweusi wenye dhahabu. Toa chuma kwa sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, ili uikung'ute kwa kuivua mfuko. Kilichobaki changanya na boraksi kwa uzito sawa, weka kwenye chungu cha kuyeyushia juu ya mkaa wenye kipulizio. Boraksi huyeyuka nyuzi 743, huyayeyusha madini mengine kuwa kama kioo, na dhahabu ikifika nyuzi 1,064 hukusanyika chini. Njia hii husumbua pale mchanga ukiwa na salfaidi nyingi, zile chembe za njano zinazong'aa. Basi rudia kupepeta, maana mara nyingi kosa liko kwenye karai.

Anayetumia zebaki bado, aitumie kwenye vijiko hivyo vya mwisho tu, ndani ya beseni lisilovuja, mikono ikiwa na glavu za mpira. Maji na mchanga wa beseni hilo visiingie kamwe kwenye yale mabwawa matatu. Viwekwe kwenye pipa lenye mfuniko, liandikwe, lifungwe. Zebaki ihifadhiwe kwenye chupa nene ya plastiki, ikifunikwa na vidole viwili vya maji, na ujue lita 1 ina uzito wa kilo 13 na nusu. Chupa ya maji ya dukani hupasuka.

Kuchoma kufanywe ndani ya ritoti, chungu cha chuma chenye mfuniko wa kubana na bomba linalopeleka mvuke ukapoe. Bomba liwe la chuma cheusi. Shaba nyeupe na nyekundu, na alumini, huliwa na zebaki, na bomba la mabati hutoa moshi wa zinki. Lielekee chini, lipozwe kwa kitambaa kinachomwagiwa maji muda wote. Mdomo wake uwe juu kidogo ya maji ya bakuli, usizame. Ukizama, chungu kinapopoa kitayanyonya maji mpaka kwenye chuma chenye moto, na kitalipuka. Pasha polepole. Zebaki huchemka nyuzi 357, na utaona matone ya fedha yakidondoka moja moja, kisha yakifuatana, kisha kukoma. Endelea dakika 10 baada ya tone la mwisho. Zima, na usifungue mpaka chungu kishikike kwa mkono mtupu. Mwenye haraka hufungua kikiwa moto na kuvuta mvuke uliobaki.

Jiko la nyumbani halifai hata mara moja. Mvuke wa zebaki hauna harufu. Ukitoka nje hupoa na kutua kwenye paa la mabati, na paa hilo ndilo linalojaza tangi la maji ya mvua.

Ikimwagika sakafuni isifagiliwe, ufagio huitawanya. Isogeze kwa kadi mbili ngumu, ivute kwa sirinji, nyunyiza unga wa salfa kwenye nyufa.

Wanunuzi wa mabaki wakija, waulizwe wanakwenda kuyafanyia nini. Sianidi huyeyusha zebaki na kuifanya isafiri mbali zaidi, kwa hiyo tope lenye zebaki lisiuzwe kwa mtu wa sianidi kana kwamba ni tope la kawaida.

Mawe yanayonuka kitunguu saumu

Piga jiwe la kijivu-fedha kwa nyundo. Likitoa harufu ya kitunguu saumu, lina aseniki. Mawe ya namna hiyo, pamoja na yale yenye salfaidi ya njano, yasichanganywe na kifusi. Yakipata hewa na maji hutengeneza asidi, na asidi huyeyusha aseniki na metali nyingine. Dalili ni maji yenye rangi ya machungwa na utando wa kutu kwenye mfereji. Yarundike mahali palipoinuka, juu ya sentimita 20 za udongo wa kichuguu ulioshindiliwa, ufunike kwa udongo huo huo, na kundi hilo liwe la kwanza kurudi shimoni, chini kabisa. Yasitumike kujaza barabara ya boma, wala mchanga wake usitumike kupiga plasta.

Mafuta ya injini hayahitaji maneno mengi. Pampu na jenereta zikae kwenye sinia la bati lenye mchanga, nje ya vile vigingi vya mita 30, na oili chafu irudi mjini kwenye mtungi. Choo nacho kiwe nje ya vigingi hivyo, na sakafu ya shimo lake iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 2. Pakiwa na maji karibu, jenga kilichoinuliwa.

Kufukia kunaanza siku ya kuchimba

Udongo mweusi wa juu, sentimita 20 hadi 30, uondolewe kwanza na uwekwe peke yake, rundo lisizidi mita 1 na nusu kwenda juu. Likizidi, udongo wa ndani hukosa hewa na kufa. Lipandwe maharage au mucuna ili mvua isilibebe. Shimo likikamilika lifukiwe kabla jipya halijafunguliwa. Mkusanyiko wa mashimo wazi hujaa maji na mbu, na huku ni ukanda wa malaria. Mtoto au ndama akitumbukia, hakuna atakayesikia.

Fukia kwa mpangilio: mawe ya salfaidi chini, kifusi kikubwa, kifusi laini, kila tabaka la sentimita 30 likishindiliwa. Maliza kwa mwinuko wa sentimita 30 juu ya usawa wa ardhi, kwa sababu utashuka kwa msimu mmoja au miwili. Kisha udongo mweusi. Ukingoni na kwenye kuta za mabwawa panda nyasi za vetiva kwa mistari, sentimita 15 kati ya shina na shina, mwanzoni mwa mvua za Machi. Mbele ya hapo miti ya kwetu, siala na mkuyu. Mkaratusi usipandwe karibu na mto. Hunywa maji mengi mno.

Wiki ya kwanza baada ya kufukia, mwagia maji kidogo juu ya shimo na uangalie yanaelekea wapi. Yakisimama katikati, ongeza udongo siku hiyo hiyo, kwa maana mvua itakayofuata itatumia kidimbwi hicho kurudi ndani.